Nani Atamsomesha Mhudumu?

Mtoto wa Willowbrook alipewa dakika mbili au tatu za kula mlo mmoja. Hiyo ndiyo hesabu aliyoitoa daktari kijana, Michael Wilkins, mbele ya kamera ya televisheni mwezi Januari 1972. Mhudumu wa wodi alikuwa na kundi la watoto wa kulisha, wengi wao wasioweza kutafuna wala kushika kijiko, na zamu haikumsubiri. Alijaza kijiko, akakitia kinywani, akajaza kingine. Mtangazaji Geraldo Rivera alipotaka kujua matokeo ya ulishaji wa namna hiyo, daktari alitaja kifo kwa nimonia.

Aliyewahi kumlisha mtu mwenye mtindio wa ubongo anajua kwa nini. Misuli ya shingo na koo haimtii mlaji. Inabidi akalishwe wima, mgongo uegemezwe, kichwa kiinamishwe mbele kidogo, kijiko kichukue chakula kidogo, na anayemlisha atazame koo mpaka aone kimeshuka ndipo alete kingine. Akilishwa huku kichwa kimelalia nyuma, hupaliwa. Chakula kinachokosea njia huteremka mapafuni, na siku chache baadaye homa inaanza. Haya yote hufundishika kwa mtu yeyote mwenye nia, tena kwa muda mfupi. Lakini yanahitaji mtu wa kuyafundisha, mshahara utakaombakiza kazini aliyejifunza, na muda wa kuyatenda. Willowbrook ilipungukiwa na yote matatu.

Marekani ilitumia zaidi ya nusu karne kuwatoa watu wenye ulemavu wa akili nyuma ya kuta za taasisi kama hiyo. Sheria zilipitishwa, kesi zikaamuliwa, majengo yakafungwa. Swali la nani alipie elimu ya mhudumu, na cheti chake kimwongezee nini mfukoni, liliachwa nyuma karibu kila mara. Kuliacha nyuma kumewagharimu watu wenye ulemavu sehemu kubwa ya haki walizoshinda mahakamani.

Willowbrook ilivyofika pale

Majengo ya Willowbrook, katika kisiwa cha Staten Island jijini New York, yalikamilika wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na jeshi likayachukua kwanza yawe hospitali ya majeruhi. Mwaka 1947 yakafunguliwa kuwa shule ya jimbo kwa ajili ya watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili. Iliitwa shule, ingawa wengi waliolala humo hawakusomeshwa. Ilipangwa ichukue watu 4,000. Katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na zaidi ya 6,000. Homa ya ini ilienea wodini, na kuanzia miaka ya 1950 mtafiti Saul Krugman aliwaambukiza baadhi ya watoto kwa makusudi ili aichunguze. Mwaka 1965 Seneta Robert Kennedy alifika huko, akatoka akipafananisha na shimo la nyoka.

Hali ya Willowbrook haikuwa ya New York peke yake. Mwaka 1967 watu karibu 195,000 walikuwa wakiishi katika taasisi za majimbo za aina hiyo nchini kote, idadi kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Ukoo wa Kennedy uliujua ulemavu kutoka nyumbani. Rosemary, dada yao Robert na Rais John F. Kennedy, alikuwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1941 baba yao aliruhusu apasuliwe ubongo, na upasuaji huo ukamharibu kabisa. Aliishi sehemu kubwa ya miongo iliyobaki katika kituo kimoja jimboni Wisconsin. Dada mwingine, Eunice, aliitoa habari ya Rosemary hadharani mwaka 1962, na akamsukuma kaka yake Rais afanye jambo. Tarehe 31 Oktoba 1963, wiki tatu kabla ya kuuawa, Rais Kennedy alitia saini sheria iliyotoa fedha za serikali kuu kujenga vituo vya vyuo vikuu vya kuwafundisha wataalamu wa ulemavu.

Sheria hiyo ilizaa matunda makubwa. Madaktari, wanasaikolojia, wataalamu wa viungo na wa matamshi walipata mahali pa kusomea. Lakini ngazi yao ilianzia chuo kikuu. Mtu aliyekaa na mtoto saa nane kwa siku, akamwogesha, akamgeuza kitandani, akamnyamazisha usiku, alibaki nje ya mlango wa chuo. Fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba kazi ya mikono haihitaji shule, kwamba upole na nguvu za mwili vinamtosha mhudumu. Fikra hiyo ndiyo iliyopanga bajeti.

Halafu bajeti yenyewe ikakatwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Gavana Nelson Rockefeller wa New York alisimamisha ajira mpya katika idara za jimbo. Mhudumu aliyeondoka Willowbrook hakuletewa wa kushika nafasi yake, na waliobaki wakarithi watoto wake. Dakika za kulisha zikazidi kupungua. Dakt. Wilkins na mfanyakazi wa ustawi wa jamii Elizabeth Lee walianza kuwakusanya wazazi wadai mabadiliko, wakafukuzwa kazi Januari 1972. Wilkins alikuwa bado na ufunguo wa jengo namba 6. Akampigia simu Rivera, wakaingia na kamera.

Amri ya jaji na nyumba za mitaani

Picha zilizoonyeshwa wiki hiyo zilizaa kesi mwezi Machi 1972. Wazazi na mawakili wao walilishtaki jimbo katika mahakama ya serikali kuu. Jaji Orrin Judd alitembelea Willowbrook mwenyewe, na Aprili 1973 akaamuru wahudumu waajiriwe mara moja mpaka kila watu tisa wawe na mhudumu mmoja. Jambo la kwanza alilolidai jaji, kabla ya ukarabati mkubwa na kabla ya mipango ya miaka mingi, lilikuwa mikono ya kuhudumia.

Mwaka 1975 pande zote zilikubaliana mbele ya mahakama. Gavana mpya, Hugh Carey, aliahidi kuipunguza Willowbrook hadi watu 250, na wengine wote wapelekwe kuishi katika nyumba ndogo mitaani. Ilichukua muda mrefu kuliko ilivyoahidiwa, lakini mwezi Septemba 1987 Willowbrook ilifungwa. Miongoni mwa waliotoka mapema alikuwa Bernard Carabello, kijana mwenye mtindio wa ubongo aliyeingizwa akiwa na miaka mitatu na kuishi humo miaka 18. Alionekana katika filamu ya Rivera akijieleza mwenyewe, na baadaye akawa kiongozi wa watu wenye ulemavu wanaojitetea wenyewe jimboni New York.

Kutoka kwa Carabello na wenzake kuliibadilisha kazi ya mhudumu kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Ndani ya taasisi kulikuwa na muuguzi mwisho wa ukumbi na daktari ng'ambo ya ua. Katika nyumba ya watu wanne au sita mtaani, mhudumu wa zamu ya usiku yuko peke yake. Mmoja akishikwa na kifafa saa tisa usiku, yeye ndiye anayemlaza ubavu, anayetazama saa, anayeamua kama atapiga simu ya dharura. Dawa za asubuhi ni zake kuzitoa na kuziandika. Yeye humfundisha mmoja kupanda basi, humsaidia mwingine kuhesabu chenji dukani, na humsikiliza wa tatu asiyesema kwa kinywa mpaka aelewe anakataa nini. Juu ya hayo kuna kazi ngumu kuliko zote: kumwacha mtu achague mwenyewe, hata pale mhudumu angeona njia rahisi zaidi.

Kwa hiyo siku ile milango ilipofunguliwa, kazi iliyodhaniwa haihitaji shule iligeuka kazi inayohitaji sehemu ya uuguzi, sehemu ya ualimu na sehemu ya ustawi wa jamii. Mshahara ukabaki wa kazi ya zamani.

Fedha zilikopitia

Ili kuelewa kwa nini, lazima kufuata njia ya fedha. Huduma nyingi za watu wenye ulemavu wa akili nchini Marekani hulipiwa na Medicaid, mpango wa afya ambao serikali kuu na majimbo huchangia pamoja. Mwaka 1971 Bunge liliruhusu fedha za Medicaid ziende kwenye taasisi za ulemavu zitakazotimiza masharti. Mwaka 1981 likaruhusu majimbo yaombe kibali cha kuzitumia fedha hizo kwa huduma za nyumbani na mitaani. Kibali hicho ndicho kilichojenga maelfu ya nyumba ndogo. Kufikia mwaka 2015 waliobaki katika taasisi kubwa za majimbo hawakufika 30,000.

Bei ya huduma, hata hivyo, hupangwa na jimbo. Shirika linaloendesha nyumba haliwezi kupandisha bei kama mwenye duka anavyofanya gharama zikipanda. Na katika bei hiyo, mafunzo hayana fungu lake. Yamefichwa humo pamoja na kodi ya pango, bima na mafuta ya gari. Shirika likimpeleka mhudumu darasani siku mbili, humlipa yeye aliyeko darasani na kumlipa mwingine anayeshika zamu yake. Akihitimu na kuondoka baada ya miezi sita kwenda hospitali inayolipa zaidi, fedha hizo zimepotea. Mkurugenzi mwenye hesabu finyu hukata mafunzo kwanza, hata kama moyo wake hautaki.

Jimbo moja dogo liliiona hatari hiyo mapema. North Dakota nayo ilishtakiwa, mwaka 1980, kwa hali ya taasisi yake ya Grafton, na mahakama ikaamuru watu watolewe. Katika jimbo lenye mashamba makubwa na miji iliyotawanyika, haikuwezekana kuwaita wahudumu wote darasani. Chuo cha Minot State kikabuni njia nyingine: kikaandika masomo, kikawaandaa wakufunzi ndani ya kila shirika, mhudumu akajifunza na kupimwa palepale kazini, na chuo kikatoa cheti kinachotambulika jimbo zima. Akihamia shirika lingine, elimu yake humfuata. Akitaka kuendelea, masomo hayo humsogeza kuelekea shahada. Jimbo likaubeba mpango huo kama sehemu ya kuwaleta watu nyumbani, na umeendelea mpaka sasa.

Wanafunzi wa zamu ya usiku

Huko New York jawabu lilitoka mahali pengine. Mwaka 1989 John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa yule rais aliyesaini sheria ya 1963, alianzisha shirika dogo liitwalo Reaching Up. Alikuwa mtu maarufu ambaye kamera zilimfuata kila alikokwenda, na angeweza kuchagua jambo lenye mvuto kuliko hilo. Alichagua mhudumu. Aliona kwamba familia yake na nchi yake zilikuwa zimewekeza kwa wataalamu na kumsahau yule aliyeko karibu zaidi na mwenye ulemavu.

Reaching Up ilishirikiana na CUNY, mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya jiji la New York, kuwapa wahudumu ufadhili wa kusoma. Walioteuliwa waliitwa wanafunzi wa Kennedy. Wengi walikuwa watu wazima waliokwisha kuzoea maisha ya kazi, waliotoka zamu na kuingia darasani. Masomo yalipangwa yalingane na zamu hizo, na ada ililipiwa mtu ambaye mshahara wake usingemruhusu hata kujaza fomu ya kujiunga. Kennedy alikutana nao ana kwa ana, akasikiliza walichokuwa wakikitaka. Alipofariki katika ajali ya ndege Julai 1999, kazi hiyo ilikwisha kuota mizizi. CUNY ikaipa jina lake taasisi yake ya elimu ya wafanyakazi.

Katika miaka hiyohiyo ardhi ya Willowbrook nayo ilibadilika. Mwaka 1993 College of Staten Island, mojawapo ya vyuo vya CUNY, kilihamia katika sehemu ya viwanja vya taasisi ile. Pale ambapo mhudumu hakuwa na wa kumfundisha pakawa na maktaba na madarasa.

Viwango, maadili na vyeti

Ufadhili wa watu wachache haukutosha kuwa taaluma. Taaluma inahitaji kwanza kusema ni nini mtendaji wake anapaswa kujua. Mwaka 1996 taasisi ya utafiti iliyoko Cambridge, Massachusetts, kwa fedha za Wizara ya Elimu, ilitoa viwango vya ujuzi wa wahudumu wa jamii vilivyogawanywa katika maeneo 12. Vilitokana na kuwauliza wahudumu wenyewe wanafanya nini kuanzia wanapoingia zamu mpaka wanapotoka. Mwaka huohuo ukaundwa muungano wa kitaifa wa wahudumu hao, unaojulikana kwa kifupi cha NADSP, ambao mwaka 2001 ulitoa kanuni za maadili na baadaye ukaanza kutoa vyeti vya ngazi tatu.

Mwaka 1999 Mahakama ya Juu nayo ilitoa hukumu iliyozidi kuitia kazi hii uzito. Wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, walikuwa wamebakizwa hospitalini ingawa madaktari wao walikubali kwamba wangeweza kuishi mitaani. Mahakama iliamua kwamba kumfungia mtu bila sababu ni ubaguzi unaokatazwa na sheria ya ulemavu ya mwaka 1990. Haki ya kuishi na jamii ikathibitishwa. Lakini mtu anayehitaji msaada ili kutoka kitandani anaishi na jamii pale tu msaidizi anapofika asubuhi, akiwa anajua anachokifanya.

Majimbo yalilipokea jambo hili kila moja kwa namna yake. California ilitunga sheria mwaka 1998 iliyomtaka mhudumu wa nyumba zenye leseni amalize saa 70 za mafunzo katika miaka miwili, au afaulu mtihani. Chuo Kikuu cha Minnesota kikasaidia kuandaa masomo ya mtandaoni ambayo mhudumu angeweza kuyasoma hata katika mji mdogo usio na chuo. Mwaka 2003 mabunge yote mawili ya Marekani yalipitisha azimio la kutambua kwamba wahudumu hawa ni wachache na mishahara yao haitoshi. Azimio halikuwa na fedha ndani yake.

Upungufu huo unaonekana mpaka leo kwenye takwimu za ajira. Orodha rasmi ya kazi ya serikali ya Marekani haina nambari ya pekee ya mhudumu wa watu wenye ulemavu. Huhesabiwa pamoja na wasaidizi wa wagonjwa na wazee majumbani. Kisichohesabiwa peke yake ni vigumu kupangiwa mshahara wake. Tafiti za majimbo kwa miaka kadhaa zimeonyesha kwamba takriban wahudumu 4 kati ya 10 huacha kazi ndani ya mwaka. Kila anayeacha huondoka na ujuzi ambao haukuandikwa kokote: kwamba huyu hukunja vidole maumivu yanapoanza, kwamba yule halali mpaka taa ya ukumbini iwake.

Mwaka mmoja wa neema

Janga la korona ndilo lililofungua mfuko. Sheria ya Machi 2021 ya kuukwamua uchumi iliongeza kwa pointi 10 za asilimia mchango wa serikali kuu katika huduma za Medicaid za nyumbani na mitaani, kwa mwaka mmoja kuanzia Aprili 2021. Majimbo yalipewa muda zaidi wa kuzitumia fedha zilizopatikana, kwa sharti ziimarishe huduma hizo. Mengi yaliziweka kwenye bakshishi za kuwabakiza wahudumu na kwenye mafunzo. New York ilikuwa miongoni mwa yaliyowalipia wahudumu vyeti vya NADSP, ambapo mhudumu huandika jambo alilolifanya kweli kazini, likakaguliwa, akapewa beji, na beji zikikusanyika hupanda ngazi. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kazi yao kuthibitishwa kwa maandishi na mtu asiyekuwa bosi wao.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua kazi hii kupitia ndugu zao. Wakenya, Watanzania na Wakongo waliohamia Minnesota, Massachusetts na majimbo mengine, wengi waliingilia mlango huu, kwa kuwa huajiri haraka na hauulizi shahada ya Kimarekani. Aliyekuwa mwalimu Kisii au karani Moshi hujikuta katika nyumba ya watu wanne, akifundishwa kwa siku chache huduma ya kwanza, utoaji wa dawa na dalili za unyanyasaji. Nyumbani huambiwa tu kwamba anatunza watu. Wengi huifanya kazi hiyo zamu mbili kwa siku huku wakisomea uuguzi, kisha huiacha, maana uuguzi una ngazi na mshahara unaopanda nayo. Hawaikimbii kazi kwa sababu wanaidharau. Wanakwenda penye cheti kinacholipwa.

Hapo ndipo historia hii inapotufikisha. Cheti kisichoongeza mshahara humwandaa mhudumu kwa ajili ya kazi nyingine, na fedha za mwaka mmoja huwafundisha watu ambao mwaka wa tatu hawapo. Mwenye ulemavu aliahidiwa na sheria za umma kwamba ataishi mtaani kwake. Basi gharama ya kumwandaa anayemsaidia ni deni la umma hilohilo, na mahali pake ni ndani ya bei ya huduma, kama fungu linalojulikana, mwaka baada ya mwaka, pamoja na nyongeza kwa kila ngazi anayoipanda. Wanaosema haiwezekani kuyabeba mafunzo kwa fedha za kudumu watazame North Dakota, jimbo lenye watu wachache kuliko wilaya nyingi za jiji la New York, ambalo limeubeba mpango wake tangu miaka ya 1980. Kilichobaki ni majimbo tajiri zaidi kuamua kwamba mtu aliyeshika kijiko anastahili kusomeshwa.